Sauti za Meru Kwenye Sahani ya Hollywood

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Likizo iliponirudisha nyumbani Arusha, kijana mmoja aliyekuwa na kibanda cha kunakili sidii karibu na stendi aliniuzia albamu ya muziki wa filamu ya The Matrix Reloaded. Ilikuwa nakala isiyo halali, na kwa kuwa makala haya yanahusu haki za watu waliotoa sauti zao, ni vema nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Filamu yenyewe, ambayo ni mwendelezo wa hadithi ya kubuni ya kisayansi iliyoanza mwaka 1999, sikuwa nimeiona bado. Niliujua muziki wake kabla ya picha zake.

Albamu ilikuwa na sidii mbili. Ya kwanza ilijaa roki na tekno: Linkin Park, Marilyn Manson, Rob Zombie, Deftones, Rage Against the Machine, Paul Oakenfold, Fluke. Ya pili ilikuwa na muziki aliouandika Don Davis kwa ajili ya filamu hiyo, ambamo okestra inashindana na mashine za kundi la Juno Reactor. Baadaye nilipoitazama filamu niligundua kwamba baadhi ya nyimbo za sidii ya kwanza husikika tu pale mwishoni, majina ya watengenezaji yanapopita kwenye skrini na watazamaji wameshainuka vitini. Zilikuwapo ili kuuza albamu, na albamu ilikuwapo ili kuuza filamu. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, na sina ugomvi nayo.

Kijana yule alikuwa mchuuzi makini. Alikuwa amekitoa fotokopi kijitabu kizima cha albamu, akakikunja na kukitia ndani ya kasha. Nilikisoma kwa taa ya chemli usiku umeme ulipokatika. Kila wimbo ulikuwa na mtunzi wake, wapigaji wake, mtu aliyechanganya sauti, kampuni inayomiliki. Hapakuwa na mlio usio na mwenyewe. Hata katika ile ngoma ndefu ya pangoni, ambapo binadamu wa mwisho wa mji wa Zion wanacheza usiku kucha (Hollywood ikitaka kuonyesha ubinadamu wa kesho hurudi kwenye ngoma ya jana), unaweza kujua bila taabu kwamba muziki ni wa kundi la Fluke kutoka Uingereza.

Kijitabu kile kilinirudia akilini mwaka jana, katika semina ya historia ya utamaduni. Niliwapigia wanafunzi wimbo mfupi kutoka kwenye simu yangu, ule uitwao Baby Elephant Walk. Wengi waliutambua kabla haujafika mbali. Mmoja aliusikia kwenye katuni, mwingine alisema ni mlio wa simu ya baba yake. Nikawauliza umetoka wapi. Wakajibu Marekani. Nikawaambia kwamba filamu uliyotungiwa ilipigwa hapa kwetu, chini ya Mlima Meru, na kwamba jina la filamu hiyo ni neno la Kiswahili wanalolisoma kila siku kwenye nguzo za umeme: Hatari.

Darasa lilicheka. Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma akauliza: «Mwalimu, sasa na sisi tumo kwenye huo muziki?» Sikuwa na jibu siku ile. Haya ninayoandika ni jitihada ya kulitafuta.

Filamu ya Hatari! iliongozwa na Howard Hawks, na nyota wake alikuwa John Wayne. Ilipigwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi mwaka 1961, sehemu kubwa ikiwa Momella na nyanda zinazoizunguka Arusha, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Inasimulia habari za kundi la wageni wanaokamata wanyama wakiwa hai na kuwauza kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Mshauri wao wa uwindaji, Willy de Beer, alikuwa akiifanya kazi hiyo hiyo Tanganyika katika maisha halisi. Mwigizaji mmoja Mjerumani, Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi kwamba alinunua shamba huko na kuishi miaka kadhaa.

Zitazameni tarehe hizo vizuri. Agosti 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na Septemba Mwalimu Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Maana yake ni kwamba kamera za Hawks zilikuwa zikizunguka chini ya Meru katika miezi ile ile ambayo nchi ilikuwa inajiandaa kujitawala. Ukiitazama filamu yote, zaidi ya saa mbili na nusu, hutaona dalili ya jambo hilo. Waafrika wanaendesha magari, wanapika, wanashika kamba. Hakuna anayezungumzia uchaguzi.

Na Momella haikuwa ardhi isiyo na historia. Jirani yake ni Ngarenanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka huko na nyumba zao zikachomwa, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Wasomaji wengi mnaijua habari hii, ingawa nadhani hatuifundishi inavyostahili. Ninaitaja kwa sababu moja tu: Kirilo alisema, na maneno yake yakaandikwa pamoja na jina lake. Hata leo mtafiti akienda kwenye kumbukumbu za Umoja wa Mataifa atamkuta. Hazikupita hata miaka kumi, katika mbuga zile zile, sauti nyingine zikachukuliwa kwa njia tofauti.

Hawks alikuwa na wazo lake kuhusu muziki. Kwa filamu zake kadhaa za nyuma alimtumia Dimitri Tiomkin, mtunzi mashuhuri. Kwa mujibu wa Hawks mwenyewe, safari hii alimweleza Tiomkin kwamba hataki fidla wala filimbi na zumari za okestra, anataka milio ya Afrika. Tiomkin alikubali, halafu akampigia simu kumuuliza kama alikuwa anatania. Hawks akaachana naye, akamwita Henry Mancini.

Huyu Mancini hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1958 aliandika muziki wa tamthilia ya televisheni ya Peter Gunn, ambao mstari wake wa gitaa na besi ulikaribia kabisa roki ya wakati ule, na albamu yake ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka katika hafla ya kwanza kabisa ya tuzo hizo. Mancini alikuwa miongoni mwa watu waliothibitisha kwamba muziki wa filamu unaweza kuuzwa peke yake, madukani, kwa mtu ambaye pengine hataitazama filamu. Albamu niliyoinunua pale stendi mwaka 2003, pamoja na makelele yake yote, ni mjukuu wa biashara aliyoikuza yeye.

Katika kumbukumbu za maisha yake alizozichapisha mwaka 1989, Mancini anasimulia kwamba Hawks alirudi kutoka Afrika na sanduku la vyombo vya muziki: marimba ya mkono, ile ipigwayo kwa vidole gumba, vibuyu, na maganda makubwa ya mbegu yanayolia yakitikiswa. Palikuwa pia na kanda zenye uimbaji wa Wamaasai. Kutokana na malighafi hiyo na ubunifu wake alitunga muziki wa filamu. Albamu ilitolewa na RCA Victor mwaka 1962. Ndani yake mna vipande vyenye majina kama The Sounds of Hatari, Trip to Masai Wells na Big Band Bwana. Wimbo wa tembo wadogo ulimpa Grammy ya upangaji bora wa muziki wa ala.

Nilipofika hapo katika utafiti wangu nilikuwa tayari na hukumu mkononi. Nilishaandika hata kichwa cha habari, kikiwa na neno «wizi». Kisha nilitafuta sahani yenyewe, nikaipata kwa mtu anayekusanya santuri za zamani mjini, na nikaanza kusikiliza kwa makini badala ya kukasirika.

Jambo la kwanza lililonisumbua lilikuwa lile sanduku. Marimba ya mkono si chombo cha Wamaasai. Ukitaka kuisikia ikipigwa na wenyewe utakwenda kwa Wagogo, kule Dodoma, ambako huitwa ilimba. Uimbaji wa Wamaasai na wa ndugu zao Waarusha hutegemea koo na vifua vya watu: mmoja anaongoza, wengine wanatoa mngurumo wa chini unaorudiarudia, na miili inarukaruka kufuata pumzi. Ukiondoa pembe ya mnyama inayopulizwa kwa nadra, hawahitaji ala. Kwa hiyo «Afrika» iliyotua kwenye meza ya Mancini ilikuwa imeshachanganywa kabla hajaandika noti moja. Nani alivikusanya vitu vile, wapi, kwa kupewa au kwa kununua, sahani haisemi.

Jambo la pili lilinivuruga zaidi. Huo wimbo maarufu kuliko yote, wa tembo wadogo, hauna kitu cha kwetu ndani yake. Mancini ameeleza wazi kwamba alipoona picha za tembo wale wakimfuata mwigizaji Elsa Martinelli kwenda kuoga, mwendo wao ulimkumbusha muziki wa bugi wa Wamarekani Weusi. Akautunga hivyo, akaupa klarineti ndogo na kinanda chenye mlio wa sarakasi. Kama kuna watu wa kudai sehemu yao katika wimbo huo, ni wapiga piano wa bugi kabla ya sisi.

Nilitaka kulihakikisha hilo kwa sikio lisilo langu. Hapa Engutoto ninapoishi yuko mzee mmoja Mwarusha, jirani yangu, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa au kumi wakati ule na aliyekulia upande wa Ngarenanyuki. Nilimwendea jioni moja.

«Shikamoo, mzee.»

«Marahaba, mwalimu. Leo umekuja na redio?»

Nilimpigia kwanza wimbo wa tembo. Akasikiliza, akatikisa kichwa. «Huo si wetu. Huo ni wa watoto wa Kizungu.» Nikampigia kipande cha mwanzo cha albamu, chenye mdundo mzito. Akanyamaza kwa muda, kisha akaomba nirudie. «Ngoma hii imepigwa na mtu anayesoma kwenye karatasi,» alisema. «Lakini aliyemfundisha alimsikia mtu.»

Sijawahi kusoma uhakiki wa muziki ulio sahihi kuliko huo.

Kuhusu magari alikumbuka vizuri, hasa lile lililofungwa kiti mbele, pembeni, ambapo mwindaji alikaa na mti mrefu wenye kitanzi. Watoto walikuwa wakiliigiza kwa mkokoteni. Kuhusu sauti alikumbuka kwamba mama yake mdogo alipenda kusimulia namna yeye na wanawake wenzake walivyoimba mbele ya «mzungu mwenye mashine». Nikamuuliza: yule wa sinema? Akasema hajui. Wazungu wenye mashine walikuja wengi.

Hapo mzee alikuwa sahihi pia, na jibu lake linafunga kisingizio ambacho mtu angeweza kukitoa kwa ajili ya Hollywood, kwamba zama zile hakuna aliyeandika majina ya waimbaji wa Kiafrika. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na gari lake la kurekodia, akarekodi muziki wa makabila mengi. Tracey alikuwa mtu wa zama zake, na namna alivyotuona sisi inahitaji makala yake peke yake. Hata hivyo, kumbukumbu za rekodi zake zinataja wapigaji, kabila, mahali na aina ya chombo, na hadi leo zinatunzwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini. Miaka kumi kabla ya Hawks jambo hilo lilikuwa limeshafanyika, kwa kalamu na kadi.

Sasa ligeuze jalada la albamu ya Hatari!. Katika nakala niliyoishika, nimelisoma mbele na nyuma. Mancini yupo, Hawks yupo, Hoagy Carmichael na Johnny Mercer wanatajwa kwa wimbo wao mmoja. Mwimbaji wa Tanganyika simwoni. Na hili lina kinaya chake, kwa sababu ndani ya filamu kuna tukio ambapo Waarusha wanamfanyia sherehe yule mhusika wa Martinelli, wanampamba kwa mavazi yao na kumpa jina, Mama Tembo. Watu wa Meru, basi, walikuwa wakarimu wa kutoa majina. Walimpa mgeni jina mbele ya kamera, na watazamaji wa dunia nzima wakalijua.

Mtu ataniambia ninawahukumu wa mwaka 1961 kwa mizani ya leo. Ndiyo maana ninapenda kuirudisha hoja mwaka ule ule wa sidii yangu ya magendo. Wakati mimi nikisikiliza roki na tekno za Matrix, hapa hapa Arusha kundi la X Plastaz lilikuwa likifanya kazi ambayo nadhani hatujaipima uzito wake. Vijana wale walichukua hip hop, wakaiunganisha na uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao iitwayo Maasai Hip Hop ikatolewa na kampuni ya Ujerumani, Outhere Records. Yule aliyeimba sehemu za Kimaasai hakuachwa kuwa «sauti ya Kimaasai». Ni Yamat Ole Meipuko, ajulikanaye kama Merege, mwanakundi kamili, mwenye picha na jina sawa na Gsan na marehemu Faza Nelly. Mdundo ni wa mashine, kama ule wa Juno Reactor, na koo ni la mtu ambaye ukimhitaji unajua umwite nani. Wanafunzi wangu walipousikia, hakuna aliyeuliza kama sisi tumo.

Tofauti hiyo ya jina moja ina uzito wa kisheria, na hapa nazungumza na nyinyi mlio maofisini. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Ni hatua kubwa ukilinganisha na tulikotoka. Lakini sanaa ya jadi, kwa mtazamo wa sheria, ni mali ya jamii, na jamii haina kidole cha kutia saini. Mama aliyeongoza wimbo siku ile, akachagua mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha, ni msanii mwenye haki zake kama mpiga gitaa wa Deftones. Akiingia kwenye kumbukumbu kama «Wamaasai» haki hizo zinayeyuka kabla hazijadaiwa. Mjukuu wake atadai kwa jina la nani?

Mwaka 2019 Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilirekebishwa, na wageni wanaopiga filamu nchini wakatakiwa kukabidhi serikalini picha ghafi na nakala ya kazi iliyokamilika. Watengenezaji wengi walilalamika, na baadhi ya malalamiko yao nayaelewa. Mimi ninaangalia upande mwingine. Tulipoandika masharti yale tulifikiria mandhari: mlima, wanyama, matangazo ya utalii. Kwa namna ninavyoyasoma, hatukufikiria koo za watu. Ukurasa mmoja wa kuongeza kwenye fomu ya kibali ungetosha: jina la kila aliyeimba, aliyepiga, aliyecheza, kijiji chake, lugha aliyoimbia, tarehe, na alichoahidiwa. Hauhitaji Bunge kukaa. Tracey aliweza kwa kadi za karatasi.

Kwa upande wa nyuma hakuna fedha ninazozidai. Nilipoanza nilidhani ningemaliza kwa kudai mirabaha ya wimbo wa tembo, na sasa najua ningedai kisicho chetu. Kanda zile za uimbaji ndilo jambo la kuulizia: kama bado zipo katika ghala la mtu huko California, nakala yake inapaswa kusikilizwa hapa, na watu waliobaki ambao wanaweza kusema «huyu ni shangazi». Watu hao ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua.

Jirani yangu alinipa majina manne ya wanawake walioimba na mama yake mdogo. Mwanafunzi yule aliyeuliza swali ndiye aliyeyaandika, kwenye daftari la kawaida, na mzee akamsahihisha tahajia mara mbili kwa sababu alikuwa ameyaandika Kiswahili badala ya Kimaa. Hatujui kama wanawake hao waliimba kwa ajili ya Hawks au kwa mzungu mwingine mwenye mashine. Tumeyaandika hivyo hivyo, pamoja na shaka hiyo. Kama msomaji una bibi au babu aliyeishi Ngarenanyuki, Leguruki au Momella kati ya mwaka 1960 na 1961, mwulize, andika anachosema, kisha utuletee. Sisi tutaanza Ngarenanyuki, mara masika yatakapokatika na barabara ikapitika.